Kopo la Senene

Mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba cha uani, pale Miembeni, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemjulia hali: "Mzima tu, dada." Alilitoa kwa sauti laini, vidole vikifungua na kufunga kifungo kilekile cha shati, hata siku hizi ambapo Jesca, jirani yake, alikuwa akikuta viatu vya kijana vya chuo vimeshika vumbi mlangoni. Mama yake akipiga simu kutoka Kamachumu, kijana aliongea naye Kihaya, akicheka kwa nguvu. Simu ikikatika, na kicheko kilikatika.

Juzi mama alimtumia kopo la senene wa kukaanga, wale panzi ambao Mhaya hawaachi. Jesca akamtania, akaomba wachache wa kuonja. Akapewa kopo zima, halijafunguliwa. "Chukua wote, dada. Mimi wa nini tena?" Jesca akashukuru, akaenda kwake, akatafuna kiganja cha kwanza kwa raha. Cha pili hakikufika mdomoni. Mhaya gani anagawa senene wa mama yake bila kuonja hata mmoja? Akarudi mbio na kopo lake, akagonga mlango. Akagonga tena kwa ngumi. Ndani, kabla hajauliza lolote, ile sauti laini ikaitika: "Mzima tu, dada."