Gitaa jipya limeniumbua mbele ya kwaya

Jamani, leo nimeumbuliwa na gitaa.

Lile la zamani la kwaya yetu hapa Kiberege lina pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi, kila moja na koili yake moja ya waya. Ukikaa vibaya linanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Ukigeukia upande fulani, linanyamaza.

Upande huo, kwa bahati tu, ndiko anakosimama Vero wa sauti ya kwanza.

Tangu mimi Muha nitoke Kigoma kuja kukata miwa huku, napiga nikiwa nimemgeukia. Wakinitania najibu, "Siyo mimi, ni gitaa."

Leo mwalimu wa kwaya kaleta jipya. Pikapu zake ni za koili mbili mbili, moja inafuta ngurumo ya mwenzake. Hata uzunguke kama pia, halingurumi.

Nikapiga wimbo mzima, mikono imechoka na miwa lakini moyo mweupe.

Tulipomaliza mwalimu akauliza, "Muha, mbona bado umegeukia kule?"

Nikainama, nikajifanya nakaza nyuzi.

Vero akasema taratibu, "Basi leo gitaa halina kosa."

Hakukasirika. Hakucheka pia.

Wataalamu wa magitaa, na nyie wa mapenzi, nisaidieni: Jumapili nibebe lipi?