Hodi Niliyoinyamazia

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile ya Msambweni somo yangu alipopiga hodi, nami nikajibana nyuma ya mlango wangu mwenyewe kama mwizi. Somo ni yule bibi aliyenifunda nikiwa mwari na kunisinga siku ya harusi. Kumnyamazia yeye ni sawa na kumnyamazia mama.

"Hodi! Mwanasha!"

Nikazidi kujibana.

"Moshi watoka jikoni, hodi haiitikiwi. Nyumba hii imeajiri majini wapishi?"

Jirani akacheka. Mimi machozi yananitoka. Nikasema kupitia upenyo, "Somo, niwie radhi. Mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe nani?"

"Mume wangu."

"Na wewe u nani humo ndani, kinu?"

Ngoja nikueleze nilifikaje hapo. Skuli sikukaa, lakini makuti nilijua kuyasuka tangu kigori, na mapaa mangapi ya Diani yamepita mikononi mwangu, waulize mafundi. Mume wangu hakunipiga hata kofi. Alianza kwa mapenzi: "Kipenzi, usihangaike na wanunuzi, nitakuuzia mimi." Nikaona napendwa. Kisha: "Wenzako wa banda la kusukia wana maneno, sukia nyumbani." Kisha akavionea huruma vidole vyangu, nikaacha kusuka kabisa. Mwisho: "Nisipokuwepo, usimwitikie mtu." Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nakwambia haba na haba hukimwaga pia.

Basi nikafungua. Somo hakunigombeza tena. Aliomba makuti kwa jirani, akayaloweka, akaniwekea mapajani ufito wa kusukia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kuti la kwanza likatoka kombo, akalicheka, nami nikacheka. Siku nyingi nilikuwa sijacheka! Akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake. "Nilikufunda kumtunza mume," akasema. "Sikukufunda kujifuta."

Mume aliporudi adhuhuri akatukuta barazani. Akauliza nani kaniruhusu. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka: "Karibu, bwana. Chakula ki tayari. Na kesho nakwenda bandani kwa wenzangu."

Hakupenda. Sikufichi, ndoa ile haikufika mbali. Talaka iliponifikia nilikuwa nasuka kuti, na kuti lile nikalimaliza.

Wewe, mwanangu, siku hizi hodi wapigiwa kwa simu. Mume akiishika yeye, akajibu yeye, akakuchagulia wa kuzungumza naye, mlango ni ule ule. Waume wema wapo, nimewaona. Hao hukuona ukitoka wakakuombea dua. Ukimpata, mpende, mpikie wali wa nazi mpaka ajilambe vidole. Ila kazi ya mikono yako usiiweke chini kwa kuwa umeambiwa kwa sauti tamu, na shoga zako usiwakate kwa kuwa kasema wana maneno. Nani hana maneno? Na ikiwa umeshajifungia, usione haya. Itikia tu. Sisi tulio nje tutajua u hai, na tutangoja hapo hapo.

Mola akujaalie mume mwenye huruma. Na akikunyima huyo, akupe somo mkaidi, asiyechoka kusimama mlangoni pako. Amin.