Doa la Matone

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulinunua doti moja ya kanga pale Pangani tukaigawana, yeye upande na mimi upande. Kwetu wanawake hawagawani doti hivihivi, ni mpaka wawe wameshibana kwelikweli.

Ndiyo maana siku ya matone ya vitamini A sikusita. Lilikuwa bamvua, maji yametoka mbali na mwani wangu unangoja kuvunwa, nikamwomba yeye ampeleke binti yangu wa miaka miwili zahanati. Jioni alinirudishia kadi ikiwa na alama. Nikashukuru.

Mwezi haujaisha, mtoto akaanza kuharisha. Zinki alikunywa, maji ya chumvi na sukari alikunywa, wiki mbili zikapita bado tumbo halishiki kitu. Nikamrudisha kwa muuguzi. Akaniambia mtoto aliyeharisha muda mrefu hivi humpa vitamini A, kwa sababu inasaidia kujenga upya utando wa ndani ya utumbo, ila kadi inaonyesha wangu kapata juzi tu na hawezi kumzidishia. Akamgeukia mtoto mwingine kwenye foleni, akakata ncha ya kidonge chekundu kwa mkasi. Tone likaangukia koti lake jeupe. Alinung'unika kwamba mafuta yale yana rangi ya manjano na hayatoki.

Doa kama lile nililifua kwa mikono yangu kwenye pindo la kanga ya wifi, wiki ileile ya matone. Nilipomuuliza ni la nini, alisema samli.

Nilimkuta wifi anakuna nazi, nikamuuliza tena lile doa. Hakukana.

"Mwanangu mwaka jana walimpa matone Ijumaa, wifi, Jumatano tukamzika. Wako nilimpangusa mdomo kwa kanga kabla hajameza. Nilikuwa namwokoa."

Mtoto wake nilimlia kama wangu. Muuguzi alishamweleza kwamba aliuawa na maji machafu ya kisima, hakuuawa na matone, naye akaitikia. Angeniambia anaogopa, ningempeleka mwenyewe, mwani uoze. Lakini alinipa kadi ya uongo, kisha siku zote zile akanisaidia kufua nepi, akaniona ninavyolia, akanyamaza. Uoga wake ningemsamehe. Kunyamaza kule siwezi, hadi leo.

Nilikimbia zahanati na mtoto mgongoni, nikasema yote. Muuguzi akafuta alama, akampa matone. Nilimwangalia koo mpaka nikaona amemeza. Tumbo lilitulia polepole, wiki baada ya wiki.

Alipoweza tena kutembea bila kuyumba, nilifua upande wangu wa kanga, nikaukunja, tukaenda kwa wifi.

"Sasa unayo doti nzima," nikamwambia.

Aliupokea. Binti yangu akamkimbilia shangazi yake kama alivyozoea, mikono juu, abebwe. Nikamvuta nyuma.