Kikombe cha Maziwa Makuu

Juzi, pale Buhongwa, pembezoni mwa Mwanza, niliona pikapu imebeba magodoro, sufuria na watoto, nikanusa tena vumbi la safari yetu ya kuhama, nilipokuwa mdogo.

Baba alikuwa ametuambia, "Tunaenda kuona Maziwa Makuu." Mimi, mtoto wa wafugaji wa Shinyanga, nikabeba kikombe changu cha bati, nikakikumbatia njia nzima.

Tulipofika Mwanza, ufukwe ulinuka dagaa, na mbele yetu kulikuwa na maji tu. Nikaanza kulia.

"Baba, maziwa yenyewe yako wapi?"

Kaka zangu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alichukua kikombe, akachota, akanywa yote taratibu.

"Yamekamuliwa asubuhi hii," akasema.

Leo najua maji yale hayanyweki bila kuchemshwa. Baba alijua siku ileile.