Krismasi Iliyotolewa Moshi

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilitoka chumbani kwetu Al Mansoura nimevaa tai, maana Tanga nzima nilikuwa nimeitangazia kwamba nakwenda kufanya kazi ya sinema. Msimamizi wa Bisi aliitazama ile tai, akanipa aproni. "Mahindi yakianza kupasuka," akasema, "usiinamie mashine." Nikainama. Ndiyo maana nyusi yangu ya kushoto ina pengo hadi leo, na wajukuu wanadhani nilipigana vita.

Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu mkiwa mmelala chali, sikieni kazi ilivyokuwa. Kutoka kwenye bisi nilipandishwa mlangoni, kukata tiketi na kuwamulikia watu viti kwa tochi. Kutoka mlangoni nikapanda chumba cha mitambo, kule juu nyuma ya ukumbi, inakokaa projekta. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walipokwenda kupiga picha The Pearl, kisiwa cha matajiri, mimi nilibaki kitandani na redio yangu. Basi chumba kile kilikuwa pepo: kina giza, kina kiyoyozi, na hakuna anayekugongea!

Filamu ilikuja ndani ya diski, na diski ilikuja na ufunguo wake, yaani namba za siri zinazoifungua kwa muda uliopangwa tu. Kazi yangu ilikuwa kuipakia, kupanga matangazo, kushusha taa, na kuweka mapumziko. Kwa desturi ya ukumbi wetu filamu ilisimamishwa katikati ili watu wakanunue bisi, na mahali pa kuisimamisha alipachagua mwendesha mitambo.

Nilikuwa bado kwenye majaribio Krismasi ilipoangukia Ijumaa. Meneja wa Ukumbi, Mmisri mwenye sauti ya muadhini, alileta filamu yenye bango la wanaume wawili wenye kofia nyekundu, theluji, na mti wa taa. Wauguzi wa Kenya wakachukua ukumbi mzima, waje moja kwa moja kutoka kanisani Abu Hamour. Hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa sehemu ya pili ya vichekesho vya marafiki wawili wavuta bangi. Sehemu ya kwanza haikuwahi kuingia nchini. Hii iliingia baada ya wakaguzi kuondoa kila palipokuwa na moshi.

Mwendesha mitambo lazima aitazame filamu kabla ya watu. Nikaitazama asubuhi. Loo! Jamaa wamekaa sebuleni, mmoja anatia mkono mfukoni, na papo hapo wote wako juu ya paa, mti wa Krismasi umeungua nusu, mmoja kavaa gauni la kike, na wanacheka mpaka machozi. Wanacheka nini? Mungu ndiye ajuaye.

Nikamkimbilia Meneja. "Bosi, filamu ina shimo katikati."

"Shimo kubwa?"

"Basi la shule linapita."

"Ya akhi, ukumbi umejaa. Akitoka mtu mmoja kabla ya mwisho, wewe unarudi kwenye bisi. Khalas."

Bisi! Na nyusi nilibakiwa na moja tu nzima.

Kuziba shimo sikuweza. Lakini mapumziko yalikuwa yangu. Nikayaweka palepale penye shimo, mkono wa yule jamaa ukiwa bado mfukoni. Atakayerudi na kuwakuta juu ya paa, atajilaumu kwa foleni ya bisi.

Taa zilipowaka, watu walimiminika nje. Ziliposhuka tena, nilikuwa nimeshuka na mimi, nimesimama mlango wa nyuma.

"Wee! Wamefikaje kwa paa?" muuguzi mmoja kijana akauliza. "Na mti umechomwa na nani?"

Aliyebaki kitini alikuwa mmoja tu, Mama Akinyi, sista wa wodi ambaye hata madaktari walimwogopa. Viatu vya sikukuu vilikuwa vimembana, akavivua, akakaa. Alichokiona wakati wa mapumziko ni matangazo ya manukato tu. Lakini mtu aliyebaki atasemaje hakuona?

"Si mlikimbilia bisi?" akasema. "Mmekosa uhondo."

"Aki sista, tuambie!"

"Mbuzi aliingia."

"Mbuzi gani sasa?"

"Wa Krismasi. Walimfunga kwa huo mti, akaanza kula taa. Stima ikashika! Wakamkimbiza mpaka juu."

"Na hiyo gauni?"

"Ya mama mkwe. Si ndiyo walizimia moto?"

Habari ikasafiri safu kwa safu, na kila ilipopita ikanenepa. Jamaa wa kwenye filamu walipocheka, ukumbi ukacheka nao. Hakutoka mtu!

Kesho yake nusu yao walirudi, na wageni juu, kuja kumwona mbuzi.

Mapumziko yakafika, taa zikawaka, na hakuinuka hata mmoja. Meneja alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Nikashusha taa kama mtu anayejifunika sanda. Paa hilo.

"Mbuzi ako wapi?" sauti ikauliza. Mtu wa pembeni akauchukua mkoba wake ili aondoke.

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Akinyi. Akasimama taratibu, miguu mitupu.

"Leo wamemkata," akasema. "Hapa hukata vitu, kwani hamjui? Lakini mimi nilimwona!"

Nikaelewa. Nikapunguza sauti ya filamu, nikapandisha taa kidogo, na yule mama akamwigiza mbuzi kuanzia kwato hadi ndevu, mkoba wake ukiwa pembe. Watu walishikana mabega kwa kicheko. Yule wa pembeni akakaa. Meneja, asiyejua neno la Kiswahili, alikuwa ameegemea ukuta anafuta macho.

"Anasema nini?" akaniuliza baadaye.

"Anasema filamu ni nzuri, bosi."

"Baki juu."

Nikabaki juu mpaka nilipostaafu, na sijui raha gani ingeizidi hiyo.

Siku hizi niko nyumbani Tanga, nimelala chali kama nyinyi. Juzi mjukuu alinitafutia filamu ile kwenye simu, nzima, haijakatwa. Nikakisubiri kile kipande kama harusi. Wanakaa, wanavuta, wanakohoa, kiberiti kinaanguka. Basi! Ndicho hicho tulichonyimwa.

Nikampigia Mama Akinyi, naye kastaafu Kisumu. Nikamwambia nimeiona yote, mwanzo hadi mwisho, na hakuna mbuzi.

"Woi, mzee wangu," akasema. "Kumbe hata huko Tanga wanakata?"