Mafungu Matatu ya Maikrowevu

Mtu aliyesimama mbele ya meza ya pasi miaka ishirini na miwili hahitaji kufundishwa umeme unaliwa na nani. Mpiga pasi huyu, ambaye nyumba nzima ilimwita Dada Pasi, alikuwa na kovu la pembetatu juu ya kiwiko, na aliweza kuujua mvuke uliozidi kwa kuusikia tu. Pasi tano zikiwashwa pamoja pale kwa dobi, taa za darini zilififia. "Moto na muda," aliwaambia wageni wa kazi, "hao ndio walaji. Umbo ni danganya toto."

Lakini nyumbani umbo ndilo lililotawala. Wapangaji wanne walitumia mita moja, na kila mwezi walichanga kununua umeme. Mgawo aliupanga Karani, mstaafu wa chumba cha mbele, mtu wa kalamu mbili mfukoni hata akiwa na kanzu ya kulalia. Kwenye karatasi aliyoibandika ukutani kando ya mita, kitu kikubwa kilihesabiwa mafungu matatu, cha wastani mawili, kidogo moja. Televisheni ya Mama Pacha, yenye kisogo kama gunia, matatu. Maikrowevu ya Dada Pasi, matatu. Hita ya Karani mwenyewe, kile chuma kilichojikunja alichokitumbukiza ndooni asubuhi na jioni apate maji ya moto ya kuoga, fungu moja. Kwa nini? Kwa sababu ilining'inia msumarini kama kijiko.

Dada Pasi aliisoma karatasi ile, akasonya, akatoa mchango wake. Miguu iliyosimama tangu alfajiri haina hamu ya kesi. Na tena maikrowevu ile hakuinunua kwa fahari. Baba yake aliyeishi naye, mwashi aliyejenga kuta nusu ya mtaa zikanyooka kama uzi, sasa mikono ilimtetema. Mwaka uliopita jiko la gesi lilimdaka mkono wa shati, na jirani ndiye aliyemzima kwa ndoo ya maji. Ndipo binti akatafuta maikrowevu iliyotumika, akapaka kitufe kimoja rangi ya kucha. Baba akikibonyeza, dakika tatu, chakula cha mchana kiko tayari. Hakuna kiberiti, hakuna moto.

Alhamisi moja mtambo wa mvuke uliharibika, dobi akawaruhusu mapema. Dada Pasi alifungua mlango akamkuta baba yake kitandani na bakuli mapajani, anavunja mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi kwa ncha ya kijiko.

"Baba! Mbona hukupasha?"

"Nimezoea hivi."

"Tangu lini?"

Mzee alitazama bakuli. "Hizi wiki tatu. Yule bwana wa mbele alinijia dirishani. Akaniambia, 'Mzee, kila ukibonyeza hicho kitu, watu wanne wanatoa hela. Una huruma kweli?' Nikaona aibu, mwanangu. Mimi sizalishi kitu, halafu nile na umeme wa watu?"

Dada Pasi alilichukua lile bakuli na kugundua kuwa zaidi ya nusu ilikuwa bado imo. Kumbe ndiyo maana suruali za baba zilianza kumvuka! Alidhani ni uzee. Wiki tatu alikuwa akinyoosha makola ya watu asiowajua, na baba yake mzazi anakula kama mtu aliyefichiwa sufuria. Karatasi aliivumilia, mafungu matatu aliyavumilia. Lakini kumwendea mzee dirishani, mchana, mwanawe hayupo!

Jumapili asubuhi aligonga kila mlango. "Tokeni. Zimeni kila kitu, hata taa ya choo."

"Kuna msiba?" aliuliza Fundi Viatu wa chumba cha nyuma.

"Utakuwepo, usipozima."

Walikusanyika kwenye baraza mbele ya mita. Kitaa chake chekundu kilitulia. Dada Pasi alionyesha maandishi madogo chini yake. "Soma, Fundi."

Fundi alikunja jicho. "Kitaa kikiwaka mara elfu, uniti moja imekwenda."

"Vizuri. Lete kopo lako la misumari. Kila kikiwaka, dondosha mmoja."

"Dada Pasi," Karani aliingilia, "mambo haya yana wataalamu wake."

"Ndiyo. Ndiye mimi."

Mama Pacha alicheka hadi akashika nguzo. Dada Pasi akaingia ndani, akatia viazi na mchuzi, akabonyeza. Nje misumari ilianza kudondoka kwenye sahani ya bati: ti, ti, ti, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kengele ilipolia, Fundi alihesabu. Sitini. Akairudisha koponi. Baba akapelekewa bakuli lake pale pale barazani, linafuka.

"Sasa ndoo ya Karani," alisema Dada Pasi.

"Hita yangu ni ndogo!"

"Hata kupe ni mdogo, muulize ng'ombe," alisema Mama Pacha.

Hita ikatumbukizwa. Misumari ikaanza kukimbia. Fundi aliacha utani, akainama, vidole vikifukuzana na kile kitaa. Sahani ikajaa, kopo likawa tupu. Alichovya kidole ndooni, akatabasamu. "Karani, misumari mia tatu imekwisha, na maji hayajafika hata uvuguvugu wa kuogeshea mtoto."

"Na anaoga mara mbili kwa siku," alisema Mama Pacha, ambaye sasa hakuwa akicheka. "Miezi yote hii nalipia kisogo cha televisheni!" Akaibandua ile karatasi ukutani kwa mkupuo mmoja.

Karani alirekebisha kalamu zake. "Haya, tutapanga upya. Yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwako wewe uliyeoga moto," alisema Dada Pasi. Sauti ilimtoka taratibu. "Huyu amekula baridi wiki tatu. Ulimtia aibu kwa umeme uliokuwa unaula wewe. Mafungu mawili uliyonizidishia, kaa nayo, yakufae. Mwombe radhi baba yangu. Na usiende dirishani. Hapa hapa, mbele ya watu."

Karani aliwatazama majirani, akaona hakuna wa kumtetea. Akamsogelea mzee.

"Mzee wangu, nilikukosea. Niwie radhi."

Mwashi hakuinua uso mara moja. Alikuwa amefika chini ya bakuli, kijiko kinagonga pembeni kwa ule mtetemo wake, na alifuta tone la mwisho la mchuzi kwa kipande cha kiazi.

"Nimesikia," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Viazi vimebaki?"

"Vimebaki, Baba."

"Lete. Napasha mwenyewe."