Niliita Jina Lake Mara Tatu

Usiku ule nilijitupa kitandani na sare yangu ya kazi mwilini, maana hata nguvu za kubadili nguo sikuwa nazo. Ilikuwa siku ya tatu baada ya arobaini ya mjomba wangu Athumani. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, majamvi yamekunjwa, na nyumbani kwake tumebaki wawili tu: mimi na mjane wake, Mama Zuhura. Nililala chumba cha mbele. Sikumbuki kama nilizima taa.

Kabla sijasimulia nilichokiona, niseme kwanza nilichokifanya. Mimi ni karani wa masjala katika hospitali ya wilaya yetu. Nilisoma hadi kidato cha nne, kazi nikafundishwa hapohapo dirishani. Natoa mafaili na kuita majina. Jina huitwa mara tatu. Asiyeitika, faili lake linawekwa chini ya mengine, na siku ikiisha kabla halijafikiwa tena, mwenyewe anarudi wiki ijayo. Kanuni hiyo niliikuta, nikaifuata bila kumwonea mtu. Kwa mjomba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, niliifuata zaidi. Sikutaka mtu aseme Salma anapitisha ndugu zake mlango wa nyuma. Naye aliniunga mkono. "Foleni ni foleni," alisema. "Hata mtoto wa afande anasubiri zamu yake."

Mjomba alikuwa askari mstaafu, mpiga mzinga katika vita vya kumng'oa nduli ng'ambo ya mpaka. Jumanne tatu mfululizo alikuja kliniki ya presha, na Jumanne zote tatu niliita jina lake, hakuitika. Nilikuwa namwona. Namwona kabisa, amekaa kule mwisho kwenye ukingo wa saruji, mgongo ukutani, macho mlangoni. Mara ya kwanza nilidhani amesinzia. Mara ya pili nikadhani ni kiburi cha uzee. Mara ya tatu watu kwenye mabenchi walicheka, mmoja akasema, "Afande kalala lindoni!" na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nikaweka faili chini. Jioni alipopita dirishani alinipigia saluti ya mzaha, akaenda zake. Nilikuwa nimeudhika, sikumwuliza neno. Ijumaa iliyofuata kiharusi kilimkuta bafuni, na hakuamka tena.

Basi usiku ule nikajiona niko hospitalini, na ni mchana, jua la saa nne. Korido ni yetu ileile, ila ilikuwa ndefu kuliko ilivyo, na sakafu yake haikuwa saruji. Ilikuwa udongo mwekundu wenye alama za magurudumu mazito. Sikushangaa. Nilikuwa natembea nikijua ninamwendea nani.

Mjomba amekaa palepale. Amevaa shati lake la kliniki, la mistari, limepigwa pasi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia. Hakuitikia. Kisha akageuka akaniona, uso ukamchangamka kama kwamba ndiyo kwanza nafika, akapigapiga saruji pembeni yake kwa kiganja. Nikakaa.

Nilipoegemea ukuta ule, sauti zote zikaondoka.

Sijui niseme vipi. Mtoto aliyekuwa akilia mbele yetu aliendelea kufungua kinywa, ila kilio hakikuwapo. Kigari cha dawa kilipita karibu na miguu yangu, gurudumu lake bovu ninalolijua likiruka, na hakikutoa mlio. Kilichobaki ni mvumo mmoja masikioni, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikajitia kidole sikioni, nikakitoa. Mvumo ni uleule.

Nikatazama mbele, kule dirishani, na dirishani nimekaa mimi.

Ni mimi, na kitambaa changu cha buluu, na kalamu yangu nywelini. Ninashika faili. Ninafungua mdomo, ninafunga. Kutoka pale tulipokaa ilikuwa kama kumtazama mtu anayetafuna. Nilifungua mdomo mara ya pili. Sikujua ni jina la nani. Macho yangu yale ya dirishani yakazunguka mabenchi, yakaja hadi ukutani, yakatupita mimi na mjomba kama yanavyopita juu ya kiti kitupu. Mara ya tatu. Mabega ya watu kwenye mabenchi yakaanza kutikisika, wanacheka, na yule Salma wa dirishani akatabasamu.

Nilitaka kuinuka. Lakini kama si mimi niliyeitwa? Nikiinuka nikapita mbele ya watu wote wale, nikafika dirishani, nikaambiwa, "Wewe bado, rudi ukakae"? Nikabaki nimekaa. Nikamwona Salma anainamisha kichwa na kuliweka faili chini.

Nikamgeukia mjomba.

"Mjomba, husikii?"

Sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Yeye hakunitazama machoni, alinitazama midomo. Aliponijibu, maneno yake hayakupita masikioni. Yalifika tu.

"Nyumbani nilikuwa nakusoma mdomo. Hapa uko mbali."

"Mbona hukuniambia?"

Akafikiri kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitesa.

"Askari akiulizwa anajibu. Uliniuliza?"

Ni kweli, sikumwuliza. Kwenye fomu zetu tunauliza kijiji, dini, kabila, jina la balozi wa nyumba kumi. Hakuna mahali tunapomwuliza mzee kama anasikia, wala kama aliwahi kukaa karibu na mzinga.

Ukuta ukaendelea. Nasema ukaendelea kwa sababu ulikuwa unaishia hapo tulipokaa, na sasa hauishi. Na kwa urefu wake wote wamekaa wazee, wanaume peke yao, migongo ukutani, macho mlangoni. Hakuna aliyewapanga, lakini walikuwa wamekaa kwa mstari ulionyooka. Mmoja hana mguu. Mmoja vidole vyake vinatetemeka juu ya goti bila kutulia. Kila mmoja amepakata faili. Majina ya juu nikayasoma na nikayajua yote, kwa sababu ni mkono wangu ulioyaandika, na ni mkono wangu ulioyahamishia rafu ya marehemu. Nikafunua faili la aliye karibu. Kurasa zote ni nyeupe.

Niliwapita mmoja mmoja hadi wa mwisho. Wa mwisho alikuwa na kofia ya kijani iliyopauka na miguu iliyovimba hadi viatu havifungiki. Nikamjua mara moja. Ni Gaspari Mponda. Faili lake nililiweka chini Jumanne ya wiki hiyohiyo, ikiwa ni mara ya pili.

Nikashtuka hadi nikashika ukuta. Nikarudi mbio kwa mjomba.

"Mjomba, huyu yuko hai! Huyu amekosewa, si wa hapa!"

Mjomba akamtazama Mponda, kisha akanitazama mimi.

"Bado," alisema.

Neno moja tu. Na mlango ule ambao wote walikuwa wanautazama ukafunguka, na nje yake si uwanja wa hospitali. Ni vumbi, na ng'ambo ya vumbi ni mto mpana usio na daraja. Wazee wakaanza kuinuka, kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliozoea kuondoka bila kuambiwa sababu. Nikamwona Mponda anaweka viganja magotini ili naye ainuke.

Nikaita. "Gaspari Mponda!" Niliita kama ninavyoita kazini, kwa sauti ile ninayosifiwa nayo. Hakugeuka. "Gaspari Mponda!" Amekwisha kusimama. "Gaspari Mponda!"

Mjomba akanishika kidevu. Akanigeuza uso taratibu, kama alivyokuwa akinigeuza nilipokuwa mdogo, ananifundisha herufi na mimi natazama nje. Akasubiri hadi macho yangu yatulie kwake.

"Usiite," akasema. "Nenda."

Nikajaribu kwenda na miguu imeganda kwenye udongo. Najivuta, najivuta, na kofia ya kijani inakaribia mlango. Nikaamka.

Nilikuwa nimeketi kitandani, sare imelowa jasho, nimeshika ukuta kwa mikono miwili. Mama Zuhura alikuwa mlangoni na kanga begani. Nje kulikuwa kunapambazuka.

"Mponda ndiye nani?" aliniuliza. "Umemwita hadi majirani wamesikia."

"Mama," nikasema, "mjomba alikuwa hasikii?"

Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nani kakuambia?"

"Yeye."

Hakunicheka wala hakunikatalia. Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua.

"Sikio la kushoto lilibaki vitani. La kulia likafuata polepole, na mwaka huu halikubaki kitu. Ile redio alikuwa anaiwekea kiganja tu, akisikia inatetemeka anaridhika. Wewe unamwona anatikisa kichwa, unadhani anafuata taarifa ya habari." Akacheka kidogo, na hapohapo machozi yakamtoka. "Nilimwambia, tangazo la mpira hilo, mume wangu, unaitikia nini?"

"Na hamkuniambia!"

"Alinikataza, Salma. Alisema jeshini aliyelalamika sikio aliitwa mtegaji, anakimbia zamu. Hakuanza kutega ujanani, ataanza uzeeni? Jumanne ile ya mwisho nilimbembeleza. Nikamwambia, ungekuwa kipofu ungeona aibu? Nenda dirishani kwa mtoto, mwonyeshe tu sikio. Akasema, 'Yuko kazini. Nikimwendea pale watasema nimekuja kupendelewa, na atachafuka yeye.'"

Kwa siku arobaini na zaidi nilikuwa nimejiambia kwamba sikumpendelea, kwamba walau nilikuwa mkweli kazini. Kumbe yeye alikuwa amekaa ukutani akiulinda ukweli huohuo, na presha inampanda.

Barua kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, niliiandika mchana wa siku hiyo. Niliandika nilichofanya na jina langu kamili, sikujificha. Niliomba kila mzee aulizwe, ana kwa ana, kama anasikia na kama aliwahi kuwa jeshini, na majibu yaandikwe juu ya faili kwa wino mwekundu. Niliomba tusiwaulize "Unaendeleaje?" kwa sababu mzee aliyefunzwa jeshini atakujibu "Safi" hadi siku anayoanguka. Aulizwe usiku analala saa ngapi, miguu inavimba lini, nini kinamshtua. Niliomba mtu atoke dirishani awafuate walipokaa, bila kuwahamisha ukutani. Kama nitaadhibiwa, sawa. Lakini asubuhi ile sikuwa na barua. Nilikuwa na maneno mawili ya mjomba, na kijiji nilichokikumbuka kwenye faili la Mponda.

Nilikwenda na sare ileile. Nilitembea nikikimbia, nakimbia nikitembea. Nyumba yake, nilivyoelekezwa, ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikafungua kinywa nibishe hodi, kisha nikakifunga. Nikazunguka nyumba, nikiogopa nitakachokikuta upande wa pili.

Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mgongo ukutani, anamenya muhogo. Miguu yake ilikuwa kama nilivyoiona. Aliponiona alishtuka, kisu kikainuka, kisha akaona sare na akakishusha. Sikusema neno hadi nilipofika mbele yake. Nikachuchumaa hadi nyuso zetu zikawa sawa.

"Shikamoo, babu."

Alitazama midomo yangu.

"Marahaba. Wewe si yule binti wa dirishani?"

"Ndiye mimi. Babu, Jumanne nilikuita. Mara tatu. Na Jumanne ya nyuma yake pia nilikuita."

Aliuweka muhogo chini. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayejumlisha kitu alichokosea kwa miaka.

"Kumbe huwa mnaita?" alisema.

"Tunaita, babu."

"Aa." Akafuta kisu kwenye suruali yake. "Mimi nilidhani mnatutazama tu, halafu mnachagua."